Mwalimu Ashuke Ufukweni: Mwongozo wa Kufunza Mazingira kwa Uchunguzi na Maarifa ya Wenyeji, Mombasa Bara

Siku za bamvua, maji ya Mombasa hupwa kabisa mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku. Mvuvi wa Mtongwe, huko Likoni, analijua hilo bila kutazama karatasi: anahesabu mwezi, na kila kukicha anasogeza saa yake mbele kwa kama dakika hamsini. Mwanawe anasoma Gredi ya 5 katika shule iliyo karibu na ufuko huo huo, na somo la maji kupwa na kujaa analipata kwa mchoro wa ubaoni. Baba ana maarifa, mwalimu ana maarifa, na mtoto anapita kati yao kila siku bila mtu wa kumwonyesha kwamba ni jambo moja.

Makala haya yanaeleza jinsi walimu, walimu wakuu na wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanavyoweza kuyakutanisha maarifa hayo. Mwanzo wake ni mafunzo ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa mwalimu hawezi kumfunza mtoto kuchunguza ikiwa yeye mwenyewe hajawahi kuchunguza.

Mtaala na sheria zinataka nini

Mtaala wa umilisi ulianza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, kuanzia chekechea na madarasa ya chini. Gredi ya 1 hadi ya 3 wana Shughuli za Mazingira; wakipanda juu wanakutana na sayansi, kilimo na masomo ya jamii. Miongoni mwa umilisi wa msingi unaotajwa ni uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Madarasa ya chini yanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala unahimiza wanafunzi watoke kuihudumia jamii na kujifunza kutoka kwake.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imesema. Kifungu cha 11 kinatambua mchango wa sayansi na teknolojia za wenyeji katika maendeleo ya taifa, Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ilinde maarifa ya wenyeji kuhusu viumbe. Kwa hivyo mwalimu anayempeleka mwanafunzi kwa mvuvi kujifunza habari za samaki hajauacha mtaala. Anautekeleza.

Tatizo liko kwenye maandalizi. Diploma mpya ya ualimu wa shule za msingi ilichukua nafasi ya cheti cha P1 mwaka 2021 katika vyuo kama Shanzu, huko Kisauni. Walimu wengi walioko darasani leo walifuzu kabla ya hapo, na wengi wameupokea mtaala mpya katika warsha za siku chache, ukumbini, mbele ya projekta. Warsha ya namna hiyo humweleza mwalimu maana ya uchunguzi. Haimpi nafasi ya kukosea, kurudia na kushangaa, na hayo ndiyo uchunguzi wenyewe.

Wenyeji hufunzaje

Kuleta maarifa ya wenyeji shuleni hakumaanishi kumwalika mzee siku ya utamaduni apige ngoma, apigwe picha, aende zake. Wenyeji wana namna yao ya kufunza, na mwalimu ana mengi ya kuchukua humo.

Mtoto wa mvuvi hapewi nadharia kwanza. Huanza kwa kuchota maji yaingiayo chomboni, akashika kamba, akaangalia miezi mingi kabla ya kuachiwa usukani. Anayejifunza kusuka makuti hukaa kando ya anayejua, akapewa kipande kidogo cha kazi ya kweli, akasahihishwa hapo hapo. Babu akiulizwa swali mara nyingi hajibu. Hutega kitendawili, au humwambia mjukuu aende akatazame arudi. Na maarifa hayatengani na wajibu: anayejua mti ufaao kwa boriti anajua pia upi haujakomaa na hauguswi.

Hayo manne, yaani kutazama kabla ya kusema, kazi ya kweli hata kama ni ndogo, swali badala ya jibu, na wajibu pamoja na ujuzi, ndiyo uchunguzi wa kisayansi unaotakiwa na mtaala. Mombasa ina mfano wake. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha hapa mpango wa shule za chekechea za madrasa uliowafunza ualimu wanawake wa mitaani, wakitumia vifaa vilivyopo kama vifuu vya nazi na kombe za baharini. Mpango huo baadaye ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Kilichofaa kwa chekechea kinafaa pia kwa Gredi ya 6.

Mafunzo ya mwalimu: mzunguko wa hatua sita

Shule tatu au nne za jirani zinaweza kuungana na kuendesha mafunzo haya zenyewe, kila shule ikitoa walimu wawili au watatu.

1. *Chagueni mahali, kisha swali.* Mahali pawe pa kufikika kwa miguu. Swali liwe la kujibika kwa macho, mikono, kamba na daftari. "Kwa nini kisima hiki kina chumvi na kile hakina?" ni swali. "Uchafuzi wa mazingira" ni mada tu.
2. *Mtafuteni mwenyeji anayepajua.* Kwa ufuko, anzeni na kamati ya usimamizi wa ufuko, BMU. Kwa kisima, mtafuteni fundi aliyekichimba au bibi anayekitumia tangu ujanani.
3. *Walimu waende wenyewe kwanza, bila wanafunzi.* Kila mmoja aandike anachodhani kitatokea, kisha atazame, apime, achore. Mwenyeji asiachwe kusimama pembeni: ndiye anayeongoza nusu ya asubuhi.
4. *Kaeni chini mchana huo huo.* Tulidhani nini, tumeona nini, mzee amesema nini, kitabu kinasema nini? Wapi vinakubaliana, wapi vinagongana?
5. *Fundisheni, mwenzenu akitazama.* Wiki inayofuata kila mwalimu afunze somo hilo, na mwenzake akae nyuma ahesabu jambo moja tu: maswali mangapi yameulizwa na wanafunzi, si na mwalimu.
6. *Rudini mjadiliane.* Somo lirekebishwe, lifunzwe tena na mwalimu mwingine, kisha liwekwe kwenye faili ya pamoja.

Mzunguko mmoja kwa muhula unatosha. Mwaka ukiisha, shule zina masomo matatu yaliyopimwa, na hilo linashinda kabrasha la kurasa mia lililofungiwa kabatini.

Mfano kamili: somo la maji kupwa

Somo hili linafaa Likoni, Bamburi, Shanzu na popote penye ufuko, na gharama yake ni ndogo mno.

Anza na jambo ambalo watoto wengi wa Mombasa tayari wanalo: tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mtoto wa madrasa anajua leo ni mwezi ngapi. Mvuvi anahesabu hivyo hivyo: mwezi uandamapo na mwezi mpevu huja na bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana; katikati yake huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Walimu waende ufukweni mara mbili, saa nne asubuhi zote mbili. Safari ya kwanza iwe siku moja au mbili baada ya mwezi kumi na tano; ya pili iwe wiki moja baadaye. Kabla ya safari ya pili kila mmoja aandike anavyodhani atayakuta maji. Wengi watasema yatakuwa yamepwa kama wiki iliyopita, kwa kuwa saa ni ile ile. Watakuta karibu kinyume chake.

Mshangao huo ndio mlango wa somo. Mwombeni mvuvi aeleze anavyohesabu. Kisha leteni kitabu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi viko mstari mmoja na dunia, vinavuta pamoja, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pande tofauti, ndiyo maji mafu. Mwezi nao unasonga angani kila siku, na dunia huhitaji kama dakika hamsini zaidi kuufikia tena. Ndizo dakika anazoziongeza mvuvi. Kwa siku saba zinafika takribani saa sita, na hapo panapopwa pamejaa.

Vifaa: vijiti vya kuweka alama mahali maji yanapoishia kila baada ya dakika kumi, kamba yenye mafundo kila mita moja ya kupima masafa, saa na daftari. Majedwali ya maji ya bandari yatumike mwishoni kulinganisha. Yakitumika mwanzoni, jibu limeshatolewa na hakuna tena cha kuchunguza.

Pa kuchunguza: Likoni, Kisauni, Changamwe

*Likoni* ina pande mbili za maji. Timbwani inatazama bahari kuu na mwamba wake. Mtongwe inatazama maji ya ndani ya bandari. Walimu wachukue mraba wa mita moja kwa moja katika kila upande, wahesabu viumbe na takataka zilizomo, na waulize kwa nini hesabu zinatofautiana. Wanawake wanaookota kome na wanaotafuta pweza mwambani ni walimu wazuri wa somo hili, kwani wanajua kilichopungua tangu utoto wao. Swali jingine ni la maji ya kunywa: Likoni hupata maji yake kutoka chemchemi za Marere huko Shimba Hills na visima vya Tiwi, na bado nyumba nyingi hutumia visima vya mtaani. Ardhi ya matumbawe hupitisha maji upesi, kwa hivyo umbali kati ya kisima na choo ni swali la afya ambalo Gredi ya 6 wanaweza kulipima kwa hatua za miguu na kulichora kwenye ramani ya mtaa.

*Kisauni* ina somo la mawe yaliyogeuka msitu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba mawe ya chokaa katika miaka ya 1950 na kuacha mashimo yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kuyapanda miti. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu ni chache tu zilizoishi, mvinje ukitangulia. Lakini majani ya mvinje ni magumu, yalirundikana bila kuoza. Waliolitatua hilo ni majongoo, waliyala na kuyageuza udongo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Walimu wanaweza kulifunza jambo hilo hilo uani pa shule: ndoo mbili za majani makavu, moja yenye majongoo na nyingine haina, zitazamwe kwa muhula mzima. Kisauni pia ina mikoko iliyoota kando ya mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa.

Mikoko ni hazina ya uchunguzi. Kenya ina aina tisa, na wenyeji wana majina yake: mlilana upendao kusimama mbele baharini, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, muia, mkandaa uliotumika kutia rangi ngozi, mchu uchomozao mizizi ya kupumulia kama vijiti topeni. Waongoze walimu kutoka nchi kavu kuelekea majini na wachore ni aina gani inaota wapi. Walambe jani la mchu waone chumvi iliyotolewa na mti. Waulize wazee tofauti ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ambayo ni hesabu ya unene wa miti. Na korija, ambayo ni miti ishirini. Somo la hisabati na la mazingira yanakuwa kitu kimoja. Asikate mtu hata fito moja: misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali tangu 1932.

*Changamwe* walimu wengine wataiona ni viwanda na malori tu. Lakini jina lake ni la kale: Wachangamwe ni mojawapo ya Miji Mitatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi hapo tangu 1963 hadi 2013. Kwa uchunguzi wa hewa, karatasi nyeupe zilizopakwa mafuta ya kujipaka na kutundikwa, moja kando ya barabara kuu na nyingine nyuma ya darasa, zitaonyesha baada ya siku tatu vumbi linakotua. Juu ya Port Reitz, huko Mwache, mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kuleta tope lililofukia mizizi. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka, na kumbukumbu zao ni data.

Jirani na Changamwe ni Owino Uhuru, mtaa uliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliongoza kampeni iliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mwalimu aitumie kesi hii kufunza jinsi malalamiko ya wakaazi yanavyogeuka ushahidi: nani aliona kwanza, nini kilipimwa, nani aliamua. Wanafunzi wasipelekwe kuchota udongo wa mahali penye sumu. Hiyo ni kazi ya wataalamu.

Mtaa wa makabila mengi

Wadigo, Wagiriama, Waduruma na Waswahili ndio wenyeji wa kale, lakini bandari na reli zimeleta Mombasa bara familia kutoka kila pembe ya nchi. Mwanafunzi kutoka jamii nyingine asihisi kwamba maarifa ni ya wenzake peke yao. Mpe kazi ya kumpigia simu nyanya yake amuulize: kwenu mvua hujulikanaje kwamba inakuja? Mtoto wa Kiluhya huenda akaleta habari za Wanganyi wa Bunyore, ukoo wa watabiri wa mvua ambao umekaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wakilinganisha utabiri wao. Mwenzake wa Likoni ataleta kaskazi na kusi, masika na vuli. Darasa likitandaza majibu yote kwenye ukuta, lina jedwali la kulinganisha mwaka mzima.

Adabu na sheria za kumkaribisha mzee

Mwalimu mmoja amwendee mzee mapema, peke yake, aeleze kinachotakiwa. Wanafunzi wafunzwe kuamkia, kuketi, na kusubiri amalize. Nauli na takrima ziwekwe kwenye bajeti ya shule. Muda wa mvuvi ni riziki yake.

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inatambua kwamba maarifa haya yana wenyewe. Kabla ya kuandika, kurekodi au kupiga picha, omba idhini. Uliza kipi ni cha kutangazwa na kipi kibaki kwa wenyewe. Andika jina la jamii iliyotoa maarifa kwenye kazi ya mwanafunzi kama unavyoandika jina la kitabu. Dawa za miti zisiandikwe kwa vipimo, wala mtoto asipewe kuzijaribu.

Kwa misitu ya kaya, idhini ya wazee ni lazima. Makaya ya Wamijikenda yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kutoka Changamwe iliyo karibu ni Rabai. Ndani hakuchumwi jani wala hakuokotwi kijiti, na masharti ya mavazi hufuatwa. Wazazi wengine, Waislamu kwa Wakristo, watahofia kwamba watoto wanapelekwa kwenye matambiko. Waiteni kabla ya safari, mweleze kwamba somo ni la miti, historia na jinsi msitu ulivyohifadhiwa kwa kanuni za wazee. Asiyeridhika mtoto wake apewe kazi nyingine bila kuaibishwa.

Mzee na kitabu wakitofautiana

Itatokea, na mwalimu asikimbie. Panga yaliyosemwa katika makundi matatu. Yako ya kupimika, kama "upepo ukigeuka kusi samaki fulani hupungua": hayo yachunguzwe, na mzee apewe nafasi ileile ya kuwa sahihi au kukosea aliyo nayo mwandishi wa kitabu. Yako ya maadili, kama "usimalize tundu lote la pweza": hayo hujadiliwa kwa faida na hasara zake. Na yako ya imani, kama makao ya mizimu: hayo husikilizwa kwa heshima, hayapimwi kwa kamba, wala hayadhihakiwi.

Usalama na alama

Barua za idhini za wazazi zikusanywe. Viatu vivaliwe topeni na mwambani. Mtu mmoja akae akiangalia maji tu, na kundi liondoke kabla hayajageuka. Maeneo ya bandari na barabara za malori yaepukwe. Picha za watoto zisisambazwe mitandaoni bila ruhusa.

Kuhusu alama, tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 huingia katika matokeo ya mwanafunzi, kwa hivyo daftari la uchunguzi si kazi ya ziada. Lipime kwa mambo manne: swali lililo wazi, rekodi ya kweli hata ikipingana na alichodhani, maarifa ya mwenyeji yaliyotajwa kwa haki, na hatua iliyochukuliwa baadaye. Mfano wa hatua kubwa uko Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko na kutumia mapato kwa maji na vitabu vya shule. Si kila shule itafika huko. Hata kibao cha onyo kisimani ni hatua.

Mwalimu mkuu ajiulize mwisho wa muhula

Je, walimu wangu wametoka nje kuchunguza kabla ya wanafunzi wao? Je, kuna mwenyeji mmoja ambaye sasa anaijua njia ya ofisi yangu? Je, kuna somo moja lililofunzwa mara mbili na kurekebishwa? Je, wanafunzi wameuliza swali ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake, na likafuatiliwa badala ya kufunikwa? Akiweza kujibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, mafunzo yameshaanza. Aombe mawili yaliyobaki yawekwe kwenye mpango wa muhula ujao, na shule ya jirani iitwe kushiriki.